Mkono wa Upote na Mahali pa Kutua Usoni

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Bamburi, na huu ni mwaka wangu wa pili nikijifunza upinde. Natumia upinde wa mbao usio na kifaa cha kulengea, umeandikwa ratili 45 kwa inchi 28, ingawa mimi mikono yangu inafika inchi 26 tu. Navuta kwa vidole vitatu, cha shahada juu ya mshale na viwili chini yake, mpaka pembeni mwa mdomo. Napigia uani kwetu, mita 15. Siku nyingine mishale inakaa pamoja, siku nyingine mmoja unapanda na mwingine unashuka, tofauti ya shubiri nzima, na mimi naona nimefanya vilevile. Nikiukaza mkono shavuni ili usicheze, ndio hali inakuwa mbaya zaidi, na bega linauma. Mwenzangu ananishauri niweke mkono chini ya kidevu kama wanavyofanya wale wa Olimpiki. Halafu navaa hijabu, sijui kama nayo inachangia. Nifanye nini mkono utue mahali pamoja bila kukakamaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umetaja umbali, uzito wa kuvuta upinde na ukubwa wa kosa, na kwa hayo matatu naweza kukujibu bila kukisia.

Tuanze na hesabu, kwa sababu itatuonyesha pa kutafuta. Mshale uliovutwa una ncha mbili. Moja iko mbele, karibu na ngumi ya mkono ulioshika upinde, nayo unaiona. Nyingine iko usoni pako, imeshikwa na upote, yaani kamba ya upinde, nayo huioni kabisa. Kati ya hizo mbili pana kama sentimita 70. Mita 15 ni hizo sentimita 70 mara 21 na ushei. Maana yake, sehemu ya nyuma ikihama sentimita moja usoni, juu au chini, mshale utahama zaidi ya sentimita 21 kwenye shabaha. Shubiri ya mtu mzima ni kama hizo. Basi usitafute mchawi. Shubiri unayoiona kwenye gunia unalolipigia ni sentimita moja tu usoni, na sentimita moja ni ndogo sana kwa mtu kuihisi akiwa amekaza misuli. Ndiyo maana unaapa kuwa umefanya vilevile, na gunia linakukatalia.

Hesabu hiyo ina upande ambao wengi huugeuza. Mkono ukishuka usoni, sehemu ya nyuma ya mshale hushuka, na ile ya mbele hubaki pale jicho linapoiweka. Mshale basi hupanda. Mkono ukipanda kuelekea jichoni, mshale hushuka. Nimeona wanafunzi ambao mishale yao inapita juu ya shabaha, wakadhani wanavuta kwa nguvu mno, wakaanza kuvuta pungufu. Wanakuwa na makosa mawili badala ya moja.

Na kuvuta pungufu kwenyewe? Kuna madhara, ila uani kwenu ni madogo kuliko unavyodhani. Upinde kama wako ukivutwa inchi moja pungufu, mshale hupoteza takriban asilimia nne ya mwendo wake. Kwa mita 15 hasara hiyo huushusha mshale kama sentimita nne hivi. Tofauti kubwa huja ukirudi nyuma: umbali ukiwa maradufu, kosa la kimo cha mkono huwa maradufu, lakini kosa la urefu wa mvuto huongezeka karibu mara nne, kwa kuwa mshale uliopungua mwendo unapewa muda mrefu zaidi wa kuanguka. Mpigaji wa mita 50 au 60 ana haki ya kuhangaikia urefu wa mvuto. Wewe wa mita 15 anza na kimo. Hata hivyo, utaona mbele kwamba makosa yote mawili yanatoka kwenye chanzo kimoja.

Sasa ushauri wa mwenzako. Chini ya kidevu ni mahali pazuri sana, kwa kazi nyingine. Shehzana Anwar, aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa michezo ya Rio mwaka 2016, alishindana kwa upinde wa Olimpiki, na upinde huo una kifaa cha kulengea kinachosogezwa juu na chini. Wenyewe hupigia mita 70. Mkono ukiwa chini ya kidevu, mshale uko mbali na jicho, nao hutoka ukiwa umeinuka vya kutosha kufika huko. Kifaa ndicho kinachorekebisha kila kitu. Wewe huna kifaa. Unalenga kwa macho na kwa ncha ya mshale. Kutoka pembeni mwa mdomo mpaka chini ya kidevu ni kama sentimita tano. Zipige mara 21: mshale wako utapita zaidi ya mita moja juu ya pale ulipozoea, na itakubidi uelekeze ncha kwenye mchanga ili upate gunia. Mwenzako amekushauri kwa nia njema, lakini baki pembeni mwa mdomo.

Wala usidhani pembeni mwa mdomo ni sheria ya dunia nzima. Waturuki wa enzi ya Uthmania na Wamongolia walivuta kwa kidole gumba chenye pete, na mkono ukafika sikioni au kuupita. Wajapani hadi leo huvuta upinde wao mrefu mpaka nyuma ya sikio. Wote hao walipata shabaha. Kila mahali panafaa ikiwa mtu anaweza kuparudia akiwa ametulia, na panamruhusu mfupa uguse mfupa.

Neno hilo la mfupa nataka tulikalie kidogo. Umesema mkono wako unafika pembeni mwa mdomo. Pembe ya mdomo ni ngozi. Ukitabasamu inapanda, ukiuma meno inabana, ukiachama inashuka, na kwa joto la mwezi wa Februari inateleza kwa jasho. Chini yake lakini kuna jino la chonge, na chonge haliendi popote. Kidole kikifika pembeni mwa mdomo, kisogeze taratibu mpaka ulihisi jino kupitia mdomo. Usibonyeze, gusa tu, kiasi cha kujua liko pale. Meno yakutane, ya juu na ya chini, kila mshale, tangu unapoinua upinde mpaka mshale ufike. Hili linaonekana dogo, lakini mtu akivuta kitu kizito hulegeza taya bila kujua, hasa pumzi inapomwishia, na taya ikifunguka nusu sentimita tayari umepoteza nusu shubiri.

Halafu amua ni kidole gani kinachogusa. Wapo wanaoweka cha shahada kwenye chonge, wapo wanaoweka cha kati. Kati ya vidole hivyo kuna kama sentimita mbili, nazo kwa mita 15 ni zaidi ya sentimita 40. Nasema hivi kwa sababu mtu aliyechoka huanza na cha shahada asubuhi, na mshale wa ishirini anaupiga kwa cha kati, kwa kuwa mkono umechoka na umepata njia fupi. Kwa umbali wa uani kwenu ningependelea kidole cha kati, maana kinaleta mshale karibu na jicho na kukupunguzia kazi ya kukadiria. Ukibadilisha, mishale ya mwanzo itaanguka chini sana. Iache ianguke, usiikimbilie kwa kushusha mkono. Baada ya siku chache jicho litazoea lenyewe.

Tafuta pia mguso wa pili. Wa kwanza unakuambia mkono uko wapi, wa pili unakuambia kichwa kiko wapi, na kichwa ndicho kinachosahaulika. Wengine hutumia kifundo cha gumba kikikaa nyuma ya pembe ya taya, chini ya sikio. Wengine hutumia unyoya wa mshale ukigusa ncha ya pua. Mimi nakupendekezea unyoya, kwa sababu kichwa kikiinama hata kidogo, unyoya unaikosa pua na unajua papo hapo. Geuza kichwa kutazama shabaha kabla hujaanza kuvuta, kidevu kikiwa sawa, kisha kiache hapo. Upote uje usoni. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: upote unasimama hewani kwa kuwa nguvu zimeisha, na kichwa kinaenda mbele kuufuata. Mwenye kufanya hivyo atagusa chonge kila mara na atakosa kila mara, kwa kuwa chonge lenyewe limehama.

Tuje kwenye kiini cha swali lako, kukakamaa. Umesema ukikaza mkono shavuni hali inakuwa mbaya zaidi. Umeona sawasawa, na sababu iko kwenye mwili. Misuli inayokunja vidole haikai kwenye vidole; iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Ukiamuru vidole vishike kwa nguvu, kigasha chote kinakuwa kigumu. Kigasha kikiwa kigumu, kifundo kinajikunja, na kifundo kikijikunja upote unapanda au unashuka usoni. Hiyo ndiyo sentimita yako. Kisha musuli wa mbele wa mkono wa juu unaingia kusaidia, kiwiko kinavutwa kuja ndani, bega linapanda kuelekea sikioni, na hapo ndipo linapouma. Ukibonyeza mkono kwenye shavu, nyama ya shavu inabonyea leo hivi na kesho vile, na upote unapoondoka unalikwaruza shavu na kuupeleka mshale pembeni. Kukaza hakuuzuii mkono kucheza, mwanangu. Kukaza ndiko kunakouchezesha.

Mkono unatulia pale tu unapokuwa hauna kazi. Na utakuwa hauna kazi ikiwa mzigo umebebwa mahali pengine. Umewahi kubeba ndoo ya maji kutoka mferejini: vidole vimekunjwa kwenye mshikio, lakini kifundo kimenyooka, kigasha kimening'inia, na anayebeba hasa ni bega na mgongo. Vidole vya upote viwe hivyo. Vikunje kwenye kifundo cha kwanza kutoka nchani, si kwenye ncha zenyewe. Wanaovuta kwa ncha hulazimika kukaza ili upote usitoroke. Mgongo wa kiganja uwe bapa, kifundo kimenyooka, gumba na kidole cha mwisho vimelala tu. Wako walimu wanaofundisha kushikanisha gumba na kidole cha mwisho ili kiganja kikae bapa. Sikubaliani nao, kwa sababu kushikanisha nako ni kukaza. Angalia pia kidole cha pete. Ndicho mvivu kuliko wote, na kikiacha kazi katikati ya mvuto, vingine viwili vinaruka kuidaka, na kimo kinabadilika.

Mzigo ubebwe na mgongo, na hili huwezi kulielewa kwa kusoma, sharti ulihisi. Mwombe dada yako au mama akuwekee kidole kati ya kombe la mkono wako wa kulia na uti wa mgongo. Inua mikono yote miwili kama unayevuta, bila upinde, kisha peleka kiwiko cha kulia nyuma na kukizungusha kidogo kuelekea mgongoni, mpaka kombe libane kidole chake. Kazi yote ya mvuto ifanyike hapo. Sasa uone tofauti: anayevuta kwa mkono anauleta mkono usoni na kusimama. Anayevuta kwa mgongo anapeleka kiwiko nyuma, na mkono unafika usoni kwa sababu umefuata kiwiko. Ukifika, usisimamishe mgongo. Kombe liendelee kubana taratibu mno, kiasi kisichoonekana na mtu. Anayesimama hasimami kweli. Misuli inachoka, upote unaanza kwenda mbele milimita kwa milimita, na hapo ndipo inapotokea ile inchi pungufu niliyoitaja. Ndiyo maana nilisema chanzo ni kimoja. Mkono uliokakamaa unapanda na kushuka, na mgongo uliosimama unauachia uende mbele.

Kiwiko kikiwa mahali pake, ukitazamwa kutoka upande, kiko kwenye mstari mmoja na mshale au juu yake kidogo. Kikiwa chini ya mshale, mkono ndio unaovuta, hata kama wewe unahisi mgongo.

Haya yote, nasikitika kukuambia, hutayaweza kwa upinde huo. Ratili 45 hupimwa kwa mvuto wa inchi 28. Wewe wa inchi 26 unabeba kama ratili 40, ambazo ni kilo 18, kwa vidole vitatu. Anayejifunza mkono utue wapi anahitaji sekunde tatu au nne za kukaa pale bila kutetemeka, aweze kujisikia. Kwa kilo 18 huna hizo sekunde. Mwili wako unajua hivyo, na ndiyo maana unakakamaa: unajilinda. Tafuta upinde wa ratili 25 mpaka 28, wa kuazima ukiweza, na urefu wake usiwe mfupi sana, kwa kuwa upinde mfupi unafanya upote ubane vidole kwa pembe kali na mkono haupati raha.

Najua maneno haya ni magumu kuyapokea hapa kwetu. Tuna hadithi za Waata wa Tsavo, ambao wengine waliwaita Waliangulu, waliovuta pinde ndefu zenye uzito wa kupita ratili 100 na kuangusha ndovu. Ni kweli, na heshima yao nawapa. Lakini wale walikua na upinde tangu utotoni, na waliuhitaji uzito ule kwa mnyama ule. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Gunia la matambara lililoko mita 15 linatobolewa na ratili 25 bila shida. Wengine hunijibu kwa hadithi aliyoipokea Uqba bin Amir katika Sahih Muslim, Mtume akiwa juu ya mimbari akisema mara tatu kwamba nguvu ni kupiga mishale. Mimi huipenda sana hadithi hiyo, na huwaonyesha kwamba nguvu imewekwa kwenye kupiga, wala hapakutajwa uzito wa upinde.

Wakati unatafuta upinde mwepesi, una kazi ya kufanya nyumbani. Nunua ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli kwa fundi yeyote, fanya kitanzi, shika upande mmoja kwa mkono wa upinde na mwingine kwa vidole vitatu. Simama mbele ya kioo, vuta mpaka chonge, hisi kombe likibana, hesabu mpaka tano, rudisha pole pole. Ukishauzoea mpira, funga kitanzi cha kamba ngumu isiyovutika, urefu wake ukae sawa na mvuto wako. Weka vidole kwenye chonge, sukuma mbele kwa mkono wa upinde, bana mgongo, kisha legeza vidole. Ikiwa mgongo ulikuwa kazini, mikono yote miwili itaruka, wa mbele mbele na wa nyuma nyuma kuelekea sikioni. Ikiwa mkono wa nyuma umebaki pale ulipo au umeruka pembeni, ulikuwa unavuta kwa mkono. Kamba hii haidanganyi, na kwa maoni yangu ina faida kuliko mishale mia inayopigwa bila mpango. Jambo moja usilifanye kamwe: usivute upinde wenyewe ukauachia bila mshale. Nguvu isiyobebwa na mshale hurudi kwenye mti, na upinde hupasuka mbele ya uso wako.

Upinde mwepesi ukiupata, sogea mpaka mita tatu kutoka kwenye gunia. Ondoa alama yoyote juu yake. Elekeza mshale, hakikisha hakuna mtu wala paka nyuma, vuta kidogo, kisha funga macho na umalizie mvuto ukiwa gizani. Sikiliza: jino, pua, kombe. Achia. Usitazame mshale umeingia wapi. Kwa umbali huo hauwezi kukosa, na ndilo kusudi lake. Macho yakiwa wazi akili yote inakimbilia shabaha, na mkono unaachwa peke yake. Macho yakifungwa, uso unaanza kusikia. Fanya hivi kila siku ya mazoezi kwa majuma mawili kabla ya kurudi mita 15. Katikati ya mishale hiyo, kila wa tatu au wa nne usiuachie. Vuta, fika, kaa hesabu tano, rudisha taratibu. Hilo la kurudisha linaufundisha mwili kwamba kufika usoni si amri ya kuachia. Mtu ambaye kugusa mdomo na kuachia vimekuwa kitu kimoja, baada ya muda huanza kuachia kabla ya kugusa, na ugonjwa huo ukikomaa ni mgumu kuutibu. Dalili ya mwanzo ni pale unapoiona shabaha na mkono unakataa kumaliza safari. Ukiiona, rudi mita tatu siku hiyohiyo.

Kuachia kwenyewe sina mengi ya kusema. Vidole havifunguliwi, vinaachwa. Mgongo ukiwa unaendelea kubana, vidole vikilegea upote unajiondokea, na mkono unateleza nyuma shingoni. Mkono unaorukia pembeni, mbali na shavu, ni ishara kuwa ulikuwa umekaza.

Simu yako iwe shahidi. Iweke upande wa mkono wa upote, kimo cha uso, nyuma ya mstari unaposimama, wala si mbele. Rekodi kwa mwendo wa polepole mishale kumi. Kisha simamisha picha sekunde ile upote unapoondoka, na utazame mambo mawili tu: umbali wa mshale na jicho, na mahali pa kiwiko. Usijitazame kila siku, itakutia wasiwasi; mara moja kwa wiki inatosha.

Kuhusu hijabu: ndiyo, inaweza kuchangia, na dawa yake ni rahisi. Kidole kinachogusa chonge kinagusa ngozi, kwa hiyo mguso wa kwanza hauna tatizo. Tatizo ni kitambaa kinachokunjamana kwenye taya na chini ya sikio, upande wa mkono wa upote. Mkunjo mmoja leo, mikunjo mitatu kesho, na kiganja kinasukumwa nje bila wewe kujua. Vaa ya mchezo, ile ya kuvutika isiyohitaji pini, au kama ni mtandio, uzungushe ili pini na ncha zote ziwe upande wa mkono wa upinde, kisha uchomeke ndani ya nguo kifuani. Pini isiwe kwenye njia ya upote hata kidogo. Upote ukiinasa, inaweza kuruka kuelekea jichoni. Buibui lenye mikono mipana lifungwe kwa kinga ya mkono, kwani upote ukigusa kitambaa mshale unapotea njia, na utalaumu mkono wako bure. Wanaume wenye ndevu ndefu nao wana shida hiyohiyo, na wao nawaambia wazibane.

Mafuta pia. Ukipaka mafuta ya nazi usoni asubuhi, kufikia saa nne kwa joto letu yameshachanganyika na jasho, na kidole kinateleza juu ya mdomo kama hakuna jino. Nawa uso kabla ya kupiga, na uwe na kitambaa kikavu mfukoni cha kupangusa uso na ile ngozi ya kukinga vidole kwenye upote, kila baada ya mishale michache. Ngozi ikilowa inang'ang'ania upote, na mkono unaongeza nguvu ili kujinasua. Mimi ningepiga asubuhi mapema au baada ya Alasiri.

Upinde wa mbao nao hunywa unyevu wa bahari na kulegea. Pima kila siku, kabla ya mshale wa kwanza, nafasi kati ya mpini na upote ukiwa umefungwa, na uandike. Ikiwa imepungua, kaza upote kwanza. Vinginevyo mishale itabadilika na mkono wako utashtakiwa kwa kosa lisilo lake. Usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Muda wa kurudi kwenye ratili 45 siwezi kukupa kwa miezi. Pima hivi. Piga mishale 30 kwa upinde mwepesi, na mitano ya mwisho uifanyie hesabu ya tano ukiwa umefika usoni. Kama meno yamekutana, unyoya uko puani na bega halijapanda, ongeza ratili tano, si zaidi, na uanze tena mita tatu. Kama bega bado linauma hata kwa upinde mwepesi, pumzika wiki nzima, na maumivu yakibaki umwone daktari kabla ya kuvuta tena.